Jinsi ya kupakia na kuvuta mkokoteni wa taka bila kuumiza mgongo

Kijana aliyeanza juzi kuokota vyuma na chupa pale jalala la Gioto, hapa Nakuru, aliniuliza mbona kiuno kinamkata kila jioni ilhali ana nguvu kunishinda. Nilimwelekeza hivi.

Hatua ya 1: Kulabu
Kunja ncha ya nondo nyembamba, iwe na urefu wa kutoka kiunoni hadi chini, uchambue ukiwa umesimama wima. Reki siitaki. Hunasa kwenye nguo kuukuu, nawe unaing'oa kwa mgongo.

Hatua ya 2: Gunia
Plastiki, jaza upendavyo. Vyuma na glasi, ishia robo ya gunia. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini kule Marekani, huweka kikomo cha kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na hujajipinda. Gunia la mahindi ni kilo 90! Katoni zilizonyeshewa zianike kwanza. Hakuna broka atakayekulipa maji.

Hatua ya 3: Kupakia
Hapa ndipo migongo huharibikia. Uzito unatakiwa ukae juu ya ekseli, vyuma chini kabisa, plastiki juu. Ukishapakia, inua mishikio hadi usawa wa kiuno. Ikikulalia kidogo tu, sawa. Ikikuvuta chini, mzigo umezidi mbele, na safari nzima utakuwa unaubeba badala ya kuuvuta. Ikitaka kukunyanyua, umezidi nyuma.

Lakini jaribio hilo ni la tambarare. Ukipanda mlima, uzito hukimbilia nyuma, kwa hiyo sogeza gunia moja zito mbele. Ukiteremka, mambo hugeuka: uzito hukujia, na breki yako ni kile kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma, ambacho hakigusi lami mpaka uinue mishikio. Mbele kukiwa kuzito, hutaiinua. Kwa hiyo kuteremka kutoka Gioto kuja mjini, rudisha kidogo nyuma. Na kadiri shehena inavyorundikwa juu ndivyo uzito unavyohama zaidi, basi usijenge ghorofa. Funga kwa mpira wa tyubu; kamba ya nailoni hulegea, chupa zikahama katikati ya mteremko, na hesabu yote ikaharibika. Angalia upepo wa tairi pia. Tairi bapa moja hukuvuta upande huo, ukaenda umejipinda kiuno.

Hatua ya 4: Kuvuta
Egemea mbele, sukuma kwa miguu. Usizuie mkokoteni kwa mgongo hata siku moja.

Hatua ya 5: Kushusha
Muwe wawili. Geuza miguu, usipinde kiuno huku umeshika gunia.

Maumivu ya kawaida hupungua ukipunguza mzigo. Ganzi ikishuka mguuni, uone daktari. Ikiwa miguu inaishiwa nguvu, au mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, usiende kukandwa. Fika hospitali siku hiyo hiyo.