Kompyuta ya kurushia ndege nyumbani: linganisha vifaa kabla hujatuma hela Kariakoo

Kijana mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, alitaka kompyuta ya kurushia ndege za kuigiza kwenye kioo, akaniletea mfuko wenye prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kadi ya picha. Kila kimoja kizima, kila kimoja kakipata kwa bei ya kuokota, na hakuna viwili vilivyokubaliana. Kutoka Mbeya hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 800. Ukikosea kifaa unalipia mzigo wa basi kwenda na kurudi, halafu bado unambembeleza muuzaji. Ndiyo maana huku kwetu kazi hii naianza na kalamu na karatasi, bisibisi inakuja mwisho.

Hatua ya 1: Amua utarusha kwa programu gani

Microsoft Flight Simulator 2024 inataka RAM ya GB 16 kwa uchache, na waundaji wake wanapendekeza 32. Mandhari inayavuta kwenye intaneti wakati unaruka: megabiti 10 kwa sekunde kwa uchache, 50 kwa mapendekezo. Kama unaishi kwa bando, shauri limekwisha. X-Plane 12 unapakua mandhari mara moja yanakaa kwenye diski, na ina toleo la majaribio la bure. FlightGear ni ya bure moja kwa moja. Wateja wangu wengi nawaanzishia X-Plane.

Hatua ya 2: Prosesa na soketi yake (tundu inamokaa kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu)

Programu hizi hutupa kazi kubwa kwenye kiini kimoja cha prosesa, vingine vinasaidia tu. Kwa hiyo usidanganywe na wingi wa viini. Tazama kasi ya kiini kimoja na ukubwa wa kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Ryzen 5 5600 ina kashe ya L3 ya MB 32, na kwa mfuko wa kawaida inatosha. Ryzen 7 5700X3D ina MB 96, na tofauti utaiona ukitua kwenye uwanja wenye majengo mengi. Chunga 5600G: jina limefanana, ila kashe yake ni MB 16.

Hizo zote zinakaa soketi ya AM4, ambayo ni ya DDR4; DDR4 na DDR5 ni vizazi viwili vya RAM. AM5 ni ya DDR5 peke yake. Kwa Intel, soketi ya LGA1700 ina mtego wake, maana kuna mazabodi za DDR4 na za DDR5, na kwa macho zinafanana. Soma jina la mazabodi mpaka herufi ya mwisho. RAM ya DDR5 haiingii tundu la DDR4, pengo la katikati limehamishwa; ukiona inagoma usiisukume.

Sasa kosa langu mwenyewe. Nilinunua mazabodi ya B450 iliyotumika nikaifunga 5600. Feni zinazunguka, kioo cheusi. Nilikesha nikibadilisha RAM, nikibadilisha waya, hadi nikamlaumu mwenye kioo. Kumbe BIOS, programu ya kuwashia iliyomo kwenye mazabodi, ilikuwa ya zamani kuliko prosesa. Siku hizi naingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, natazama orodha ya prosesa inazozikubali na toleo la BIOS linalohitajika, ndipo namwambia muuzaji anipigie picha ya toleo lililomo. Mazabodi yenye kitufe cha kubadilisha BIOS kwa flashi bila prosesa, ongezea hela uichukue.

Hatua ya 3: RAM

Nunua vipande viwili vya GB 16 badala ya kimoja cha 32. Vichomeke tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa, kisha uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 itatembea chini ya hapo.

Hatua ya 4: Kadi ya picha na pawasaplai

Hapa ndipo wengi wanapoungulia. Mjini zimejaa kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, na mtu anawaza: nitachomeka kadi tu. Zile nyembamba kadi ndefu haiingii, pawasaplai yake ni ndogo, na mara nyingi plagi zake si za kawaida, hivyo huwezi kuibadilisha kwa yoyote ya dukani. Tundu la kadi lenyewe linatoa wati 75 tu. RTX 3060 inakula 170. Usikubali fundi akuunganishie waya wa diski ya SATA uwe waya wa kadi. Nimeshaona plastiki imeyeyuka.

Piga hesabu. Prosesa ya 5600 weka wati 76, kadi 170, feni, diski na mengine weka 75. Jumla 321. Pawasaplai ya wati 550 inakuachia nafasi nzuri. Lakini usiamini namba kubwa ya juu ya boksi. Geuza, soma mstari wa volti 12, zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa ampea 20, hiyo ni wati 240 upande unaolisha prosesa na kadi, hata kama boksi linapiga kelele 500.

Hatua ya 5: Kasha na hewa

Pima urefu wa kadi na kimo cha kipoozeo cha prosesa, linganisha na kasha. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, feni inabeba joto kidogo kwa mzunguko uleule. Baridi ya Juni inatufidia. Vumbi la Septemba halifidii chochote, kwa hiyo tafuta kasha lenye chujio mbele.

Hatua ya 6: UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika)

Soma wati, si VA (volti mara ampea), namba kubwa inayotangazwa. Nyingi za VA 650 hubeba wati 360 hadi 390, na kioo nacho kinahesabiwa.

Hatua ya 7: Funga na ujaribu

Washa kwanza mazabodi ikiwa juu ya boksi lake, nje ya kasha. Ikiwaka, funga. Kisha kwenye programu rukia uwanja wa ndege wa Songwe, herufi zake za kuutafutia ni HTGW, elekea mlima Rungwe siku yenye mawingu, huku unatazama matumizi ya kadi. Ikikaa karibu asilimia 99, punguza mawingu na vivuli. Ikiwa asilimia 60 na picha bado inakwamakwama, prosesa ndiyo imezidiwa: punguza idadi ya majengo na ndege nyingine angani, na ile hela ya kadi mpya iache kwenye simu.