Somo: Kumfuga anemoni wa mwambani kwenye tangi la maji chumvi (anza na mguu wake)

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeniuliza kwa nini anemoni wangu, hawa wanyama laini wa baharini wenye minyiri, wametulia mahali pamoja mwaka wa nne sasa, na wa wenzangu wanazurura tangi zima hadi wananaswa na pampu. Jibu langu halijabadilika: watu wananunua rangi, mguu, yaani ile sehemu ya chini anayojishikia, wanausahau. Kwa hiyo somo hili nitalipitisha mguuni, mwanzo hadi mwisho.

Tumjue kwanza. Kitaalamu anaitwa Epicystis crucifer. Vitabu vya zamani na wauzaji wengi bado wanamwita Phymanthus crucifer, ni huyo huyo. Kwao ni Karibi na Atlantiki ya magharibi, kuanzia Florida na Bahamas kushuka hadi Brazili, kwa hiyo msimtafute Bahari ya Hindi.

Mimi naishi Tampa, Florida, na mara ya kwanza kumwona kwao ilikuwa visiwa vya Florida Keys, maji yakinifika kifuani, katikati ya majani ya bahari. Nilidhani ni kipande cha khanga kimezikwa mchangani. Duara pana kama kisahani cha chai, mistari ya rangi inatoka mdomoni kwenda ukingoni, na minyiri mifupi imezunguka ukingo wote. Niliposogeza mkono, duara likazama, pakabaki tundu tu. Nikafukua pembeni taratibu kwa kidole. Shina lilikwenda chini karibu urefu wa kidole changu, na kule mwisho mguu ulikuwa umeng'ang'ania jiwe ambalo juu halionekani kabisa.

Ndivyo anavyoishi: sahani juani, mguu gizani, chini ya mguu kitu kigumu. Akivikosa hivyo ataondoka kuvitafuta.

Hatua ya 1: Tangi likomae

Miezi sita angalau tangu maji yatulie. Amonia na naitraiti ziwe sifuri. Joto nyuzi 24 hadi 26, chumvi gramu 35 kwa lita moja (kipimo chako kitasoma karibu 1.025), alkalini 8 hadi 10 dKH (ndicho kizio cha vipimo vya alkalini), naitreti miligramu 5 hadi 15 kwa lita, fosfeti kidogo tu, miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita. Msishindane kuifikisha naitreti sifuri. Ndani ya ngozi ya anemoni wanaishi vimwani vidogo vinavyomtengenezea chakula kwa mwanga, na vimwani hivyo navyo vinahitaji kula. Nimeona matangi yenye maji yanayong'aa na anemoni waliofifia ndani yake.

Ukubwa si tatizo kubwa. Lita 80 zinawatosha watatu kwa raha.

Hatua ya 2: Ziba pampu kabla hujaenda dukani

Narudia: kabla. Anemoni wangu wa kwanza nilimleta Ijumaa jioni, nikapanga kuweka sifongo kwenye pampu Jumamosi. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama tui la nazi, na nusu ya mnyama ilikuwa imezunguka kwenye mapanga. Uduvi wawili na konokono kadhaa walikufa kwa maji yale. Sifongo ya bei ya soda ingewaokoa wote.

Hatua ya 3: Mkague mguu dukani

Muombe muuzaji akuonyeshe chini. Mguu mzima ni duara laini lisilo na mchaniko, na ukigusa kitu unashika. Niliwahi kuuziwa mmoja aliyebanduliwa jiweni kwa kisu. Juu alikuwa wa kijani na zambarau, mzuri kupita maelezo; chini alikuwa na jeraha la upana wa kucha. Alioza kuanzia pale, akafa baada ya siku tisa. Tangu hapo sinunui anemoni ambaye sijauona mguu wake, hata kama ni wa bei ya kutupa.

Mengine ni mepesi: mdomo uwe umefumba, minyiri inate kidogo ikiguswa na chakula, na mwili usiwe mweupe wa kuonyesha upande wa pili. Weupe huo maana yake vimwani vimemtoka, na ana kazi ndefu ya kupona.

Hatua ya 4: Kumzoesha maji

Mfuko uelee tangini dakika 20 ili joto lilingane. Kisha hamishia maji na mnyama kwenye bakuli, udondoshee maji ya tangi tone kwa tone dakika 45 hivi. Maji ya dukani mwage nje, yasiingie tangini.

Hatua ya 5: Makao ya mguu

Hapa msiharakishe.

Chukua bakuli dogo la plastiki la jikoni, la urefu wa vidole vitatu, ulitoboe matundu chini na pembeni ili maji yapite. Lijaze vipande vya matumbawe makavu au mawe ya bahari, kila kimoja kama kokwa ya tende. Katikati acha shimo la kuingia kidole gumba. Lizike bakuli mchangani hadi ukingo wake usionekane, mahali ambapo mkondo wa maji ni wa wastani: minyiri icheze, isilale upande mmoja.

Sasa zima pampu zote. Vaa glavu, maana wapo wanaowashwa ngozi. Mshike anemoni kwa shina, si kwa sahani, umteremshe shimoni mguu ukitangulia, kisha sogeza vijiwe viwili vitatu vimguse shina pande zote. Kaa naye. Mara nyingi ndani ya nusu saa utaona shina linajaa na sahani inaanza kukunjuka. Mguse kidogo kwa kijiti, kama haelei basi ameshika. Washa pampu moja, halafu baada ya saa moja ile ya pili.

Gundi usitumie. Kuna watu wanafanya hivyo na huwa nasikitika nikiona.

Faida ya bakuli utaiona siku unayotaka kumhamisha. Unainua bakuli na mwenyewe ndani, mguu hujaugusa.

Taa ianze chini, kama asilimia 40 ya nguvu yake, uipandishe taratibu kwa wiki tatu. Huyu hahitaji mwanga mkali kama matumbawe ya juu ya mwamba. Wangu wako kati ya 100 na 150 kwa kipimo cha PAR (mwanga ambao vimwani vinaweza kuutumia) na rangi zao zimekolea.

Siku tatu za kwanza anaweza kunywea, kuvimba, kunywea tena. Anabadilisha maji ya mwilini. Usimchokoe.

Hatua ya 6: Chakula

Subiri wiki nzima. Baada ya hapo mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha uduvi au kamba mbichi asiye na chumvi wala viungo, ukubwa wa punje ya mbaazi, wala si zaidi. Kiweke kwa koleo juu ya minyiri, si mdomoni. Utaona minyiri ya upande ule inajikunja kwanza, kisha ukingo wa sahani unanyanyuka kama mtu anayekunja mkeka, na mdomo unasogea kukipokea. Mimi bado naacha shughuli zangu kuangalia.

Kipande kikubwa atakitema usiku, kikaoze nyuma ya jiwe ambako hukioni.

Hatua ya 7: Kila siku

Badilisha maji asilimia 10 kwa wiki. Dawa yoyote ya samaki yenye shaba isiingie kamwe kwenye tangi hili. Samaki mgonjwa mtibu kwenye ndoo yake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Sharjah: Mwalimu, shikamoo. Nina samaki wawili wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wale wanaoishi kwenye anemoni. Watamkubali huyu?

Marahaba. Wanaweza, lakini si kwa maumbile. Atlantiki haina samaki hao kabisa, kwa hiyo yeye hakuzaliwa na mazoea ya kulaliwa. Minyiri yake ni mifupi. Samaki akijisugua mchana kutwa, anemoni anajifunga, hapati mwanga wala hawezi kula vizuri. Ukiona amejifunga siku tatu mfululizo, watenganishe. Wageni wanaomfaa ni wale uduvi wadogo wenye mabaka meupe wanaotikisa mkia juu. Weka watatu au wanne, utafurahi.

Mwanachama, Mombasa: Kwa nini nisichukue anemoni wetu hapa hapa baharini? Nimewaona wengi nikizamia.

Kaka, ukizamia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, au Watamu, Malindi na Kisite, hapo huchukui hata kombe. Ni hifadhi. Lakini hata nje yake, sikushauri. Wale wakubwa wanaokaa na samaki wao, kama yule Amphiprion allardi wa pwani yetu, wanataka mwanga mkali na nafasi ambayo tangi la sebuleni halina. Pia ukimng'oa yeye umewavunjia nyumba samaki wote waliomtegemea. Na la upande wa pili: huyu wa Karibi ukimpata, asiachiwe baharini kwetu hata siku umechoka kufuga. Mpe mfugaji mwingine.

Mwanachama, Dar es Salaam: Tangi langu linafika nyuzi 30 mchana, na umeme unakatika. Niiache tu ndoto hii?

Usiiache, ila tatua joto kwanza ndipo ununue. Fungua kifuniko, elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji. Maji yatapungua haraka, na hapo watu wengi wanakosea: wanajazia maji ya chumvi. Kinachoruka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kila siku, usisubiri yashuke sana. Feni ikishindwa kufikisha 27, itakubidi ununue mashine ya kupoza au umwache kweli, maana joto la 30 linamfukuzia vimwani.

Kwa umeme, nunua pampu ya hewa ya betri. Kinachoua mapema ni kukosa hewa majini. Sisi huku tunaihitaji kipindi cha vimbunga, kwa hiyo tunajua. Na umeme ukiwa umekatika, usilishe.

Mwanachama, Minneapolis: Jana nimeona vidoti vitano kwenye kioo, kama punje za dengu, vina minyiri. Ni wadudu waharibifu?

Hongera dada, hao ni wajukuu! Jike huwalea ndani ya mwili wake, kisha anawatoa kwa mdomo wakiwa wameshakamilika, na pengine ni wengi kuliko hao watano, angalia nyuma ya mawe. Ila hakikisha kwanza si wale anemoni wadogo wa kahawia wanaoota kama magugu. Wale wana shina refu jembamba na minyiri mirefu yenye ncha kali. Watoto wako ni sahani fupi pana na minyiri iko ukingoni. Ziba mdomo wa kichujio kwa sifongo laini. Walishe chakula cha unga cha matumbawe, kidogo sana, pampu zikiwa zimezimwa. Usiwabandue hadi wafike upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mwanachama, Muscat: Anaishi miaka mingapi?

Anemoni wakitunzwa wanaishi muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1828 Sir John Dalyell wa Uskoti alimchukua anemoni mmoja mwekundu wa pwani ya North Berwick, jamii tofauti na huyu. Dalyell alifariki 1851. Anemoni akarithiwa na watunzaji wengine, akaishi hadi 1887. Hakukuwa na taa za umeme wala pampu, ni kubadilishiwa maji na kupewa kome kidogo kidogo. Kwa hiyo ukinunua huyu, fikiria pia nani atamlea baada yako.

Mwanachama, Mombasa tena: Nimepata mmoja kwa jamaa anayehama. Nimefuata hatua zote lakini usiku wa pili ametoka bakulini, amepanda kioo, yuko karibu na pampu ya kulia. Nimbandue?

Usimvute. Mguu ukichanika, yote tuliyosema hapo juu yamekwisha. Nitumie picha ya bakuli; nahisi shimo ni pana mno na mguu haukugusa kitu pembeni. Kwa sasa zima hiyo pampu ya kulia, iliyobaki igeuze isimpulizie usoni, taa ishushe. Sogeza bakuli lako chini yake kabisa, vijiwe vibanwe zaidi. Wengi wao hushuka wenyewe gizani. Kesho jioni kama bado yuko kioo, chukua kadi laini ya plastiki, ipitishe chini ya ukingo wa mguu milimita moja moja, ukipumzika kila anapojibana. Inaweza kuchukua saa nzima. Mimi niko macho hadi saa sita usiku saa zenu, uandike tu.