Dungu la kupanda nalo mtini

Ukiwinda kulungu Marekani kwa dungu la kubebeka, lile la vipande viwili, kiti juu na jukwaa la miguu chini, vyote vikikumbatia shina la mti, unganisha vipande hivyo kwa kamba kabla hujaanza kupanda. Jukwaa likichomoka miguuni na kuporomoka, utabaki kwenye kiti bila njia ya kushuka. Nakusihi usilipuuze hili.

Chagua mti ulio hai, ulionyooka, usio na matawi njiani; gome laini au lenye barafu halishikiki. Shina hupungua unene kadiri unavyopanda, kwa hiyo ukiwa chini anza na jukwaa lililoinuka kidogo mbele, upande ulio mbali na shina, huko juu litakaa sawa. Mkanda wa usalama wa mwili mzima ufunge mtini tangu hatua ya kwanza. Bunduki ivute baadaye kwa kamba, bila risasi.