Ukifika Japani usiache kwenda Udo Jingu, hekalu la pangoni baharini

Kama wewe ni wa huku kwetu Mtwara na safari ya Japani imekuangukia, masomo au semina, tafuta siku ushuke mpaka kisiwa cha Kyushu, mkoa wa Miyazaki, mji wa Nichinan. Hapo kuna hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani, limejengwa ndani ya pango, chini ya mwamba, bahari ya Pasifiki inapiga hapohapo mbele. Mtu aliyekulia Mikindani au Msimbati atapaelewa haraka sana.

Kutoka Miyazaki mjini unapanda basi la pwani, kama saa moja na nusu hivi. Kaa upande wa bahari. Mwezi wa nane na wa tisa angalia hali ya hewa kwanza maana ndo msimu wa vimbunga, na vaa raba, sio kandambili, ngazi zinateremka kuelekea pangoni na mawimbi yakirusha maji zinateleza.

Kabla hujapita torii, yaani geti la kuingilia hekaluni, inamisha kichwa kidogo, alafu tembea pembeni, katikati wanasema ni njia ya mungu wao. Mbele kuna maji ya kunawa: shika kata kwa mkono wa kulia unawe wa kushoto, badilisha, alafu mimina maji kwenye kiganja cha kushoto usukutue, usiweke kata mdomoni. Wanaoabudu wanatia sarafu kwenye sanduku, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama tena mara moja. Wewe kama dini yako haikuruhusu usijilazimishe, simama pembeni kimya, vua kofia, hakuna atakayekuuliza, na kwa maoni yangu hiyo ni heshima kubwa kuliko kuigiza ibada usiyoiamini ili upate picha.

Zunguka nyuma ya hekalu uone mawe yanayodondosha maji, wenyeji wanasema ni maziwa aliyoacha binti wa mungu wa bahari kwa ajili ya mwanae, ndo maana wajawazito na wanaonyonyesha wanakuja sana kuomba.

Sasa sehemu inayopendwa na kila mtu: chini kuna mwamba wa umbo la kobe, mgongoni una shimo limezungushiwa kamba. Unanunua vidonge vya udongo, tano tano, unavirusha, kikiingia ombi lako linakubaliwa. Mwanamke anarusha kwa mkono wa kulia, mwanaume kwa wa kushoto, ndio, najua wa kushoto kwetu una mambo yake lakini pale ndo utaratibu. Zamani walikuwa wanarusha hela, vidonge vikaanza 1954, na waliokuwa wanavifinyanga ni watoto wa shule ya hapo karibu, nunua hata kama hurushi. Usirushe mawe wala sarafu.

Mabasi ya kurudi ni machache, ukishuka tu piga picha ratiba ya kituoni.