Mfundishe mtoto huku mkienda zenu sokoni

Jamani mie si ticha, mwenzenu nina mtoto wa darasa la tatu tu na haya nimeyajua kwa kuharibu. Mwanzo kila tulichokutana nacho nakifanya somo, mpaka siku moja namwambia vaa kandambili twende Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, akaniuliza, "Mama, leo tunaenda kununua samaki au kuulizwa maswali?" Nikanywea.

Siku hizi safari moja swali moja, basi. Na hesabu siulizi kabisa, namkabidhi pesa. Nampa elfu kumi, fungu la dagaa elfu mbili, tunataka matatu, yeye ndo anaongea na muuzaji na yeye ndo anapokea chenji, mie niko pembeni nimebana mdomo (hapo ndo pagumu, msione mchezo). Juzi kapewa elfu tatu akaondoka nayo, hatua kama kumi hivi akasimama, akahesabu vidole, mbio karudi, "Mjomba samahani, bado buku!" Na asingerudi ningemuacha, buku ni rahisi kuliko tuisheni.

Bahari ndo msiiache, maana iko bure. Mkiwa Raskazone chomekeni kijiti pale maji yalipojaa mwisho, muandike saa, kesho yake mrudi muandike tena. Atakuta yamechelewa kama dakika 50 na kila siku yanazidi kuchelewa, usimwambie kwanini, muache abishe hata siku nne ndo usiku umuonyeshe mwezi. Mwezi mpevu na ule mwandamo ndo kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hapo ataunganisha mwenyewe kwamba anayevuta maji yuko juu, na jua nalo linasaidia.

Jikoni mie naishia kwenye tui, likikaa kidogo lile zito linapanda juu, muulize mbona halizami (mafuta mepesi kuliko maji). Mdogo kabisa ahesabu barabara za Ngamiani mkipita, si zina namba.

Akiwa na njaa au usingizi muache apumzike.

Na akikuuliza usichokijua usimtungie, mpeleke kwa anayejua. Wangu aliuliza pweza anapigwa vile kwa kosa gani, nikamwambia kamuamkie yule babu anayempiga umuulize. Kaambiwa ni ili alainike, basi akaomba fimbo na yeye, tukakaa pale mpaka adhuhuri na dagaa wangu kwenye mfuko washaanza kunuka.