Mkonge wa bustani ukiugua, kagua kitako kabla ya kununua dawa

Picha ninazotumiwa na wateja karibu zote ni za ncha za majani. "Fundi, ncha imekauka, nipulizie nini?" Jibu langu halibadiliki: piga picha chini, pale majani yanapobana shina. Mkonge huugulia kitakoni. Ncha ikishaanza kulalamika, huko chini mara nyingi mambo yameiva.

Nina kitalu kidogo upande wa Rau, Moshi, na simu za mikonge hunijia kwa wingi mwezi wa Mei, masika yakiwa yanakatika. Nikisema mkonge nina maana ya ukoo mzima wa agave: ule wa katani tunaoupanda mipakani, lile jitu la mistari ya njano liitwalo Agave americana, na ule laini usio na miiba, Agave attenuata, unaopendwa sana kwenye mageti ya mtaa wa Shanty Town hapa Moshi. Wote wanakaguliwa kwa njia moja.

Hatua ya 1: Vaa glavu, bonyeza, sukuma

Utomvu wa mkonge unawasha vibaya, na mwiba wa ncha hauna huruma na jicho. Vaa glavu nene na shati la mikono mirefu. Bonyeza majani ya chini karibu kabisa na shina. Yakiwa magumu kama papai bichi, pumua. Yakibonyea na kutoa maji yenye harufu, kuna uozo. Kisha sukuma mmea mzima kwa mpini wa jembe. Ukicheza kama jino bovu, mizizi imekwisha au kuna mtu anaila.

Hatua ya 2: Ondoa yasiyo magonjwa

Jani la chini kabisa kukauka na kuwa gumu kama karatasi ni uzee tu. Likate. Michoro ya meno iliyojichora juu ya majani pia si ugonjwa. Majani yalibanana yakiwa bado hayajafunguka, yakaachiana alama. Niliwahi kumkuta mzee mmoja akiisugua kwa sabuni.

Mabaka meupe au ya njano upande unaopigwa na jua, hasa Januari na Februari, ni kuungua. Hutokea ukiutoa mmea kivulini na kuuweka juani siku hiyo hiyo. Baka halifutiki, lakini halisambai. Mzoeshe mmea jua kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Na ukiona mlingoti umechomoza katikati, usihangaike. Mkonge huchanua mara moja maishani, kisha shina hilo hufa. Chukua machipukizi ya pembeni uyapande.

Hatua ya 3: Kama umeoza, ung'oe leo

Maji ndiyo yanayoua mikonge mingi mjini. Mtu anapanda katikati ya nyasi za bustani, kijana wa kazi anamwagilia asubuhi na jioni, halafu yanakuja masika. Mkonge ni mmea wa nchi kavu, asili yake Meksiko na majirani zake. Mizizi yake inahitaji hewa.

Majani yakiwa ya njano na laini kuanzia chini, ung'oe mzima. Kuongeza dawa juu ya udongo uliolowa ni kupoteza hela. Osha mizizi, kisha kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti kata iliyo myeusi na inayoteleza. Endelea kupunguza kitako hadi ufike nyama nyeupe safi, ukifuta kisu kila baada ya kukata. Ukikata na kukata na bado katikati ni kahawia, acha. Huyo hatapona, okoa watoto wake.

Nyama ikiwa safi, weka mmea kivulini penye upepo siku 7 hadi 14, kidonda kikauke na kufanya gamba. Watu hawaniamini hapa, wanaona nautesa. Mkonge una akiba ya maji ya kutosha kwenye majani, hautakufa kwa wiki mbili. Kisha panda kwenye kilima kidogo chenye ndoo mbili za moramu au kokoto ndogo kwa ndoo moja ya udongo, kitako kikae juu ya usawa wa ardhi. Usimwagilie wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Mtafute fukusi

Aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani huku Kilimanjaro, anamjua fukusi wa migomba. Mkonge naye ana wake, ndugu yake huyo: mdudu mweusi, mgumu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, urefu kama sentimita moja na nusu. Jike hutoboa chini ya majani, hutaga, na huingiza bakteria wanaolainisha nyama. Funza weupe wasio na miguu, kichwa cha kahawia, wanakula shina kutoka ndani. Nje huoni kitu kwa muda mrefu. Halafu siku moja majani yote ya nje yanalala chini, koni ya katikati imebaki imesimama peke yake.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipulizia mkonge wa mteja dawa ya kopa, ya kuua kuvu, mara tatu, nikiamini ni ukungu. Mara ya nne niliushika tu, ukatoka mikononi mwangu kama kofia. Ndani funza wanachezacheza, na vifuko walivyojisokotea kwa nyuzi za mkonge wenyewe. Nililipa kwa mmea mwingine.

Majani yakishalala, hakuna tiba. Ung'oe na kitako chote, upasue, uchome moto. Usiutupe kwenye mboji wala nyuma ya uzio, fukusi atarudi kwa miguu. Jirani zake wenye afya ndio wa kutibiwa: mwagia dawa ya wadudu iitwayo imidaklopridi kwenye mizizi kwa kipimo cha kibandiko, na hakikisha chupa ina namba ya usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Usiiweke kwenye mkonge wenye mlingoti, wala ulio karibu kuutoa. Nyuki wanayapenda sana maua yale, na dawa hii inawaua.

Hatua ya 5: Madoa na vidung'ata

Pamba nyeupe kwenye mikunjo ya majani ni vidung'ata. Futa kwa pamba iliyolowa spiriti, rudia kila wiki hadi waishe. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, wanawachunga kwa ajili ya utamu wao, kwa hiyo shughulika na sisimizi pia.

Madoa yaliyodidimia yenye pete, pengine na unga wa rangi ya machungwa wakati wa mvua, ni kuvu. Kata jani lote, tena siku kavu, kisha pulizia kopa, ile ile inayopulizwa kwenye kahawa, kwenye majani yaliyobaki. Acha kumwagilia kwa juu.

Mistari ya kijani na zambarau iliyopangana kama punda milia kwenye mkonge wa katani ni ugonjwa unaoitwa hivyo hivyo, wa pundamilia. Hupenda sehemu zenye maji yaliyotuama, na chotara namba 11648, anayelimwa sana mashambani, huugua upesi. Ondoa majani hayo na uchimbe mfereji. Bila mfereji utarudi.

Hatua ya 6: Shimo lililobaki

Palipokufa mkonge kwa fukusi usipande mkonge mwingine msimu huo. Weka vipande viwili vya jani bichi la mkonge juu ya shimo, vifunike kwa gunia, uvifunue kila asubuhi. Vikianza kuchacha vitamvuta fukusi aliyebaki, utamkuta amejibanza chini yake. Mponde kwa jiwe, maana gamba lake ni gumu na kidole hakimuui. Badilisha vipande vikikauka. Siku ukimaliza wiki tatu bila kumkuta hata mmoja, panda kitu kingine pale. Mimi huweka mshubiri.