Mark X na Crown safari ndefu: pima mwenyewe inakula wese kiasi gani, kisha ipunguze

Ukisema una Mark X swali linalofuata ni lile lile, si inakunywa sana hiyo? Ukiuliza wenye nazo mmoja anakwambia kilomita 7 kwa lita mwingine 14 kwa lita, na inawezekana wote wanasema kweli maana mmoja anaongelea foleni ya Kimara asubuhi na mwingine kashuka nayo toka Dodoma mpaka Dar na mzigo hana. Sasa namba ya mtu mwingine haikusaidii kitu, unachohitaji ni namba ya gari yako, barabara kuu, kwa mguu wako wewe. Ni kazi ya safari moja tu ya kwenda na kurudi.

Gari ninazozungumzia ni Toyota Mark X ya kwanza (GRX120 na GRX121, ile iliyoanza kutoka Japani mwishoni mwa 2004) na Crown za kipindi hicho hicho, Athlete na Royal Saloon, zenye V6 ya 2.5 (4GR-FSE) au 3.0 (3GR-FSE). Hatua zenyewe zinafanya kazi hata kwa Mark II Grande, Verossa, Brevis, yaani sedani yoyote kubwa ya umri huo.

Na ile namba uliyoiona kwenye mtandao wa wauza magari wa Japani achana nayo kwenye hili. Gari za miaka hiyo zilipimwa kwa kipimo cha Kijapani kinaitwa 10-15 mode, gari inakimbizwa maabara, mwendo wa juu kabisa 70 na wastani wake ni kama 22.7 kwa saa. Hiyo siyo barabara ya Morogoro wala Segera.

Hatua ya 1: Hakikisha kilomita zako ni za kweli

Watu wengi wameshabadilisha rimu na tairi, na tairi ikiwa kubwa kuliko ile ya kiwandani dashibodi inahesabu kilomita pungufu, ikiwa ndogo inahesabu za ziada. Mfano gari iliyokuja na 215/60 R16 ukaivisha 225/55 R17, tairi imekua kwa asilimia 2 hivi, unaona ndogo lakini ndo inayoharibu hesabu. Washa ramani ya simu yenye GPS, zungusha kilomita 50 barabarani, linganisha. Dashibodi ikisema 50 na simu ikasema 51, basi kila kilomita za dashibodi zidisha kwa 1.02. Umemaliza, huhitaji kurudia mpaka ubadilishe tairi.

Hatua ya 2: Jaza full, nje ya mji

Hapa ndo watu wanapokosea. Wanajazia Ubungo, wanakaa foleni saa nzima mpaka Kibaha, halafu wanasema barabara kuu gari inakula. Nenda mpaka Kibaha ndo ujaze. Simamisha gari sehemu iliyonyooka isiwe mteremkoni, mwambie anayejaza aache pampu ikate yenyewe mara ya kwanza na hapo hapo basi, asiongezee kukamilisha elfu wala asitikise gari iingie zaidi. Weka trip (kile kihesabio cha kilomita za safari kwenye dashibodi) sifuri kabla hujaondoka.

Usitumie geji ya mafuta wala ile taa ikiwaka, geji za gari hizi hazishuki sawa sawa, nusu ya juu inachukua muda mrefu nusu ya chini inaisha haraka. Na ile namba ya wastani inayoandikwa km/L kwenye skrini itumie kulinganisha tu, mara nyingi inakusifia kuliko hali halisi.

Safari iwe ndefu. Pampu inaweza kukata mapema au kuchelewa kwa lita moja hivi, na lita moja kwenye lita 15 ni kosa kubwa sana ila kwenye lita 60 haikusumbui. Tenki la Mark X ni lita 71 kwa hiyo Kibaha Dodoma unafika bila wasiwasi.

Hatua ya 3: Endesha kwenda NA kurudi

Dodoma ipo juu kama mita 1,100 toka usawa wa bahari. Gari na watu ndani na mabegi tuseme kilo 1,800, kuipandisha mita 950 kutoka Kibaha ni nguvu ambayo kwa injini ya petroli inayogeuza robo mpaka theluthi tu ya wese kuwa mwendo inakuja kama lita 2 nzima, juu ya zile za kawaida. Ukirudi unalipwa sehemu yake. Ndo maana anayepima kwenda tu anasema gari mbovu na anayepima kurudi tu anatamba kwa wenzake. Kwa Mbeya, Iringa au Arusha ni vile vile na Iringa una mlima wa Kitonga kabisa.

Hesabu inakuwa hivi, mfano. Kibaha mpaka kabla ya kuingia Dodoma mjini kilomita 410, ukajaza full zikaingia lita 33.5, hiyo ni 12.2 kwa lita. Kurudi kilomita 410 lita 31, ni 13.2. Sasa usichukue unayoipenda, jumlisha kilomita zote 820 gawanya kwa lita zote 64.5 unapata 12.7. Hiyo ndo namba ya gari yako. Iandike kwenye simu, andika na mlikuwa watu wangapi na ulikuwa unatembea ngapi.

Kwa uzoefu wangu Mark X ya 2.5 iliyo nzima, mwendo wa 80 mpaka 100, inakupa 11 mpaka 13. Crown ya 3.0 toa kama kilomita moja hapo. Mjini foleni ni 6 mpaka 8 na hapo hakuna uchawi, V6 kusimama na kuondoka ndo ilivyo. Ukipata chini ya 10 barabara kuu na hukuwa unakimbiza, kuna kitu kinaumwa, ruka mpaka hatua ya 5.

Hatua ya 4: Rekebisha mguu kabla hujampa fundi hela

Hapa ndo pesa ilipo na ni bure.

Mwendo kwanza. Upepo unaosukuma gari hauongezeki sawa na mwendo, unaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 80 kwenda 100 upepo unakuwa mkubwa kwa asilimia 56, kutoka 100 kwenda 120 unaongeza tena asilimia 44 juu ya hapo. Mtu anayetembea 130 akilalamika gari inakunywa, gari haina kosa lolote. Ukiwa 90 mpaka 100 gia ya sita injini ipo chini ya mizunguko 2,000, imetulia, hapo ndo pake. Angalia pia lever ipo D kweli, kuna watu wanaisukuma ikakaa S bila kujua na gari haifiki gia ya juu safari nzima. Kwenye sedani za nyuma zaidi zenye kitufe cha O/D, ile taa ya O/D OFF ikiwa inawaka bonyeza izime. Nimeshaona gari inaenda mkoani na kurudi hiyo taa inawaka na mwenyewe anadhani ni ya urembo.

Halafu vijiji. Barabara zetu kila baada ya muda kuna kibao cha 50, matuta, na trafiki na tochi yake, kwa hiyo unatoka 100 unashuka 50 unarudi 100. Kila ukirudisha gari ya kilo 1,800 kutoka 50 mpaka 100 unachoma karibu mililita 60 za ziada, yaani vijiji 40 ni lita 2 na ushee. Huwezi kuvikwepa na 50 ni lazima uiheshimu, watoto wanavuka pale. Unachoweza ni kuacha mguu mapema: ukikiona kijiji kwa mbali toa mguu kwenye mafuta gari ijishukie yenyewe, ufike kwenye kibao ukiwa tayari 50 bila kugusa breki. Anayekanyaga mafuta mpaka kwenye tuta ndo afunge breki, yale mafuta yote kayageuza moto kwenye breki pedi. Ukitoka kijijini panda taratibu, usiikanyage ikashuka gia mbili.

Malori hivyo hivyo. Usijifiche nyuma ya lori karibu karibu eti linakukatia upepo, ni hatari na huoni mbele. Kaa mbali, ukiona njia nyeupe pita mara moja, kuliko kujitokeza na kurudi, kujitokeza na kurudi, kila mara unakanyaga.

Na hili la kuweka neutro kwenye mteremko naomba mliache kabisa wakuu. Watu wanashuka Kitonga au Sekenke na free wakiamini wanaokoa wese. Injini hizi zinazoongozwa na kompyuta ukitoa mguu ukiwa kwenye gia, kompyuta inafunga nozeli, wese haliendi kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensa (ile mizunguko ya chini gari ikiwa imesimama inaunguruma). Ukiweka N injini inabidi ijishikilie yenyewe isizime, kwa hiyo INATUMIA mafuta. Yaani unapoteza wese, unapoteza na nguvu ya injini ya kukushikilia, breki inabeba gari peke yake inachemka. Kwenye mteremko mrefu shusha gia uachie injini ikushike.

AC washa. Mwendo wa barabara kuu kushusha vioo vyote kunaharibu njia ya upepo, AC inachukua kidogo tu. Mjini mwendo wa pole kioo sawa.

Hatua ya 5: Vitu vya kuangalia kwenye gari, kimoja kimoja

Kimoja kimoja kwa maana badilisha kimoja, pima tena safari inayofuata kwa hatua ya 2 na 3, ndo uende kingine. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kipi kilikuwa kinakula.

Anza na upepo wa tairi asubuhi zikiwa za baridi. Fungua mlango wa dereva kuna kibandiko, kimeandikwa kwa kPa, na 100 kPa ni psi 14.5 kwa hiyo 230 ni kama 33. Mkiwa watu watano na mizigo usiende na upepo pungufu. Ukimaliza safari ndefu pitisha mkono karibu na rimu zote nne bila kugusa, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake breki ya upande huo inabana, piston ya kaliper imekwama, unaburuta breki toka Dar. Hiyo inakula kimya kimya na watu wanahangaika na plagi.

Themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto. Hii naisema kwa uchungu. Gari ikichemsha mara moja tu fundi wa mtaani anaing'oa themostati anaitupa, anakwambia huku kwetu joto haihitajiki. Inahitajika! Bila themostati injini haifiki joto lake, hasa ukiwa kwenye mwendo na upepo unapiga rejeta, kompyuta inaona injini ya baridi inaongeza wese safari nzima, na oili nayo inabaki nzito. Mwambie fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari asome joto la maji gari ikiwa inatembea, inatakiwa kukaa 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Ikikaa 70 au chini, themostati haipo au imekwama wazi. Weka mpya, na kama gari ilikuwa inachemsha tafuta sababu ya kweli, rejeta, feni, wota pampu.

Oili. Gari hizi zimetengenezewa oili nyepesi, 5W-30 na jamii yake, siyo 20W-50 unayowekewa kwa sababu eti injini imezeeka. Nzito inaongeza msuguano na VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) inategemea oili ipite kwenye njia nyembamba.

Ekleana (chujio la hewa), sensa ya hewa ikiwa na vumbi (inasafishwa kwa spirei yake maalumu, siyo kwa kitambaa), plagi, oksijeni sensa, hizo fundi wa mashine ataziona.

Ya mwisho ni kaboni, na hii ni ya injini za D-4 (jina la Toyota la mfumo wa kupiga petroli ndani ya silinda) hasa 4GR. Petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, masizi yanajenga pale taratibu, injini inakosa pumzi, sailensa inatetemeka. Hata Lexus IS250 yenye injini hiyo hiyo inajulikana kwa tatizo hili. Zile dawa za kumwaga kwenye tenki hazifiki kwenye hizo valvu maana wese halipiti huko, usitupe hela. Dawa yake ni kufungua manifodi na kusafisha kwa mkono, kazi ya fundi anayejua, na usiifanye kabla hujamaliza hivyo vya juu.

Hatua ya 6: Ifanye namba ikufanyie kazi

Ukishakuwa na namba yako bajeti ya safari ni kilomita gawanya kwa namba yako zidisha kwa bei ya lita. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti bei za mafuta, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa kila eneo, na kadiri unavyotoka mbali na bandari bei inapanda kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo kama unaenda Mbeya au Mwanza ondoka Dar full. Dar Mbeya ni kama 830, kwa gari ya 12 ni lita 69, ambazo kwa tenki la 71 huwezi kuthubutu hasa ukikumbuka kule ni kupanda, kwa hiyo panga kuongeza Iringa mapema siyo kusubiri taa iwake porini. Mimi huongeza asilimia 10 juu ya hesabu kwa ajili ya foleni za kutoka mjini na kusimamishwa.

Na rudia kipimo kila baada ya miezi kadhaa kwenye barabara ile ile. Ikiwa ilikuwa 12.7 na sasa ni 11 na mwendo wako haujabadilika, rudi hatua ya 5 uanze na upepo na ile rimu ya moto.